Ukiokota kikebe cha zamani, usikitupe



Anayepitisha mashine ya kutambua vyuma mchangani anaweza kuokota kikebe kidogo cha chuma, chenye mahali pa kupitisha kamba. Huenda kilibeba kipande. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea na karatasi yenye jina, alama za vidole na habari za kazi yake. Aliivaa shingoni ndani ya kikebe. Akikutwa bila hiyo, aliadhibiwa.

Karatasi huoza, chuma hubaki. Kwa hivyo usikisugue wala kukiosha. Kutu huenda imeficha namba. Andika ulipokipata, ukipeleke Makumbusho ya Fort Jesus. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka kitu cha kale kiripotiwe ndani ya siku 7, na kuchimba bila leseni ni kosa.

Kikiuzwa kama pambo, habari za babu wa mtu zimepotea.