MAONI YA WANANCHI KATIKA KUPANGA UPYA SERIKALI ZA MITAA



Wapo wanaodhani kuwa kukusanya maoni kabla ya kubadili halmashauri ni desturi tu ya kukamilisha jalada. Mahakama za Uingereza zimeonesha kuwa sivyo.

Mwaka 2006 Serikali ya nchi hiyo ilizialika halmashauri kupeleka mapendekezo ya kuwa na ngazi moja ya utawala badala ya mbili. Ilitangaza vigezo vitano, kikiwemo uwezo wa kugharamia mabadiliko. Miji ya Exeter na Norwich iliomba mamlaka kamili, nje ya kaunti zao. Maoni yakakusanywa kwa vigezo hivyo.

Februari 2010 Mawaziri waliyakubali maombi hayo ingawa hayakutimiza vigezo vyote. Walitoa sababu mpya, zikiwemo za maendeleo ya uchumi, ambazo waliotoa maoni hawakupata kuzijadili. Katibu Mkuu wa Wizara aliomba kwanza apewe agizo la maandishi. Bunge lilipitisha Amri mbili, na uchaguzi wa miji hiyo uliotarajiwa Mei ukaahirishwa.

Halmashauri za Kaunti za Devon na Norfolk zilikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 21 Juni, 2010 Jaji Ouseley aliamua kuwa Amri hizo si halali. Waziri anayetaka kuacha vigezo alivyovitangaza hana budi kuwapa waliotoa maoni nafasi ya kusema tena. Amri zilitenguliwa. Septemba mwaka huo wapiga kura waliitwa kujaza viti ambavyo muda wake ulikuwa umerefushwa.

Misingi ya mashauriano ya haki ilikwisha kuwekwa katika kesi ya Brent ya mwaka 1985, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2014. Nayo ni hii:

1. Maoni yaombwe wakati uamuzi haujafikiwa.
2. Sababu za pendekezo zielezwe vya kutosha.
3. Muda wa kujibu utoshe.
4. Maoni yazingatiwe kwa dhati.

Kwa mtumishi, funzo ni kwamba njia ya mkato hurejesha kazi mwanzo, tena kwa gharama ya umma. Kwa mwananchi, ni kwamba neno lake lina uzito. Basi alitoe kwa wakati, na alielekeze kwenye vigezo vilivyotangazwa.