Kijana Anapoishiwa na Nguvu Mlimani

Leo nataka tuzungumze juu ya baiskeli.

Huenda ukasema nesi huyu ameishiwa na maneno. Subiri kwanza. Vijana wetu wamependa sana kutoka kwa makundi siku ya Jumapili. Wa Likoni hushika barabara ya Ukunda, na wakifika Kombani hukunja kulia wakapanda Kwale. Wa Changamwe huelekea Mazeras na Rabai. Sisi watu wa pwani miguu yetu imezoea tambarare, na mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya bahari. Anayetoka kivukoni ameanzia chini kabisa.

Jumatatu moja mama alikuja kituoni kwetu na mwanawe wa miaka 16. "Sista," akaniambia, "huyu jana kapandwa na jini huko Kwale. Nipimie malaria tu, halafu nimpeleke kwa mganga."

Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Nikamuuliza kijana mwenyewe. Usiku wa Jumamosi alikula kidogo akalala. Alfajiri alikunywa kikombe cha strungi, akachukua chupa mbili za maji, akaondoka. Katikati ya mlima miguu ikawa kama si yake. Jasho la baridi likamtoka, mikono ikatetemeka, akawatukana wenzake bila sababu. Mwisho aliketi kando ya barabara akawa anasema maneno yasiyoeleweka. Wenzake wakammwagia maji kichwani, na mmoja akaanza kumsomea. Bahati nzuri palikuwa na mama muuza ndizi, naye ndiye pekee aliyeuliza: "Mwanangu, umekula nini leo?" Akampa ndizi tatu mbivu, wenzake wakanunua soda. Haikupita nusu saa, kijana akawa anacheka.

Sikumcheka mama yule. Ukimwona mwanao katika hali ile, lazima uogope. Lakini lile halikuwa jini. Ilikuwa njaa ya mwili unaofanya kazi.

Ugali, wali, muhogo, mkate na ndizi vyote mwilini hugeuka sukari. Sukari hiyo huwekwa akiba katika ini na misuli, na kwa mtu mzima aliyekula vizuri haizidi sana gramu 500. Anayekanyaga baiskeli kwa nguvu aweza kuimaliza kwa saa moja na nusu au mbili. Mlima huimaliza upesi zaidi. Tena ukilala, ini hutoa akiba yake usiku kucha kulisha ubongo, kwa hivyo anayeondoka asubuhi bila kula ameanza safari na ghala karibu tupu. Mafuta ya mwilini yapo, lakini huchomeka polepole, hayawahi mlima. Nao ubongo hutegemea sukari ya damu. Ikishuka, hasira huja, akili huchanganyika. Maji hayawezi kuondoa hali hiyo, maana hayana sukari.

Wala si udhaifu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuanza mbio za baiskeli hapa Kenya, yalimpata haya haya tarehe 18 Julai 2013 katika mashindano ya Tour de France, akipanda mlima wa Alpe d'Huez. Alikuwa anaongoza mashindano yote. Mwenzake Richie Porte alimletea vifuko vya sukari nzito kutoka kwenye gari lao, ingawa pale karibu na mwisho kupewa chakula kulikatazwa. Wote wawili waliongezewa sekunde 20 kama adhabu. Froome alikubali adhabu akala, na mwezi huo huo akashinda mashindano.

Sasa ukiona dalili hizo, mshushe kijana kwenye baiskeli, mkalishe kivulini. Kama anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari. Ngoja dakika 15; asipopata nafuu, rudia. Kisha apate ndizi au mkate. Asiruhusiwe kuteremka mlima ule akiwa bado anayumba, maana kuteremka ndiko kunakovunja watu. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, tafuta gari, hospitali. Na kama mwili unawaka moto na amechanganyikiwa, hilo ni joto. Mmwagie maji, mpepee, naye akimbizwe hospitali pia.

Mtoto mwenye kisukari anayedungwa insulini asiende kabla ya kuzungumza na kliniki yake, na lazima wenzake wajue hali yake. Mwenye selimundu vilevile, na milima mirefu simshauri. Na aliyefunga Ramadhani aendeshe karibu na magharibi, njia tambarare. Kwale itamngoja.

Mama yule alirudi wiki iliyofuata. Nilidhani atasema amemkataza mwanawe. Kumbe aliniuliza, "Sista, nimfungie ndizi ngapi?"

Nilimwambia: usiku ale wali au ugali ashibe. Asubuhi uji mzito wenye sukari, na viazi vitamu au mkate. Mahamri si mabaya, ila yakiwa na mafuta mengi yatamkaa tumboni kwenye mlima. Njiani, kila saa ndizi moja kubwa au mbili, au tende sita hivi, aanze kula kabla hajasikia njaa. Maji apige funda moja moja. Na nauli ya matatu mfukoni, ili akichoka kabisa baiskeli ipandishwe kwenye keria, arudi Likoni ameketi.