Doa Hutoka Polepole: Maneno Yetu Kuhusu Ngozi, Jua na Mkorogo

(Maneno haya yalisomwa na Kamati ya Mfuko wa Jamii siku ya sherehe ya kikundi kutimiza miaka kumi.)

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,
Mganga wa zahanati yetu,
Wanakikundi wenzetu, na ninyi nyote mliokuja kufurahi pamoja nasi,

  

Kwanza kabisa hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Wenzetu wa kamati ya mikopo wameshasoma taarifa ya hisa na marejesho, na vigelegele tumevisikia. Sisi tumepewa nafasi ya kusema habari za afya. Mwaka huu tumechagua jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona: madoa meusi ya ngozi, na namna ya kuyapunguza nyumbani bila kujidhuru.

Wapo watakaouliza, kikundi cha kuweka na kukopa kina nini na nyuso za watu? Jamani, kinacho. Katika mwaka wetu wa tatu mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa biashara ya vipodozi. Tulimwamini, tukampa. Fedha ilitoka katika sanduku letu lenye kufuli tatu, ikiwa ni hisa zetu sote. Alichonunua ni vikopo visivyo na maelezo na mafuta ya kuchanganya, yaani mkorogo. Wateja wake wa kwanza tulikuwa sisi wenyewe. Wiki mbili tu, watu wakang'aa! Mkopo akaurejesha wote pamoja na riba, tena kwa wakati. Hadi leo katika daftari letu mkopo ule umeandikwa kuwa ni mkopo mzuri.

Lakini mwaka uliofuata mfuko wa jamii ulitoa fedha mara mbili kwa ajili ya mkorogo ule ule. Mara ya kwanza ni kwa mwenzetu aliyebabuka uso, akipita juani anawaka kama aliyepakwa pilipili, na ulipopoa ukawa mweusi kuliko mwanzo. Mara ya pili ni kwa mwenzetu aliyevimba macho na miguu, akaambiwa hospitali kuwa figo zimeguswa. Hatumlaumu aliyeuza. Yeye hakujua, na sisi hatukuuliza. Leo yupo hapa nasi, na ndiye aliyetuomba tuyaseme haya mbele ya watu.

Doa linatoka wapi?

Ngozi yetu ina rangi yake ya asili, na rangi hiyo ni kinga tuliyopewa dhidi ya jua. Ngozi ikiumizwa, hutoa rangi nyingi zaidi mahali pale palipoumia. Basi hilo ndilo doa. Chunusi uliyoiminya huacha doa. Mbu aliyekuuma ukajikuna huacha doa. Upele, kuungua, kusugua mwili kwa jiwe, vyote huacha madoa. Na wengine hupata mabaka mashavuni na kwenye paji la uso wakati wa ujauzito, au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango. Hayo hayatokani na uchafu wala hasira za mtu.

Kwetu huku Mtwara lipo doa letu wenyewe, doa la korosho. Nani hapa hajawahi kubangua? Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakigusa mkono hubabua ngozi, na mkono huo huo ukijifuta jasho, uso nao umebabuka. Moshi wa kuchomea korosho nao huwasha macho na mashavu. Kidonda hupona, weusi hubaki miezi mingi.

Juu ya yote hayo kuna jua. Sisi wa kutoka Mikindani na Naumbu hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma tunajua kwamba wakati wa bamvua maji hukupwa kuanzia kama saa nne asubuhi. Hapo ndipo tunaposhuka pwani kutafuta pweza na chaza, au kushughulikia mwani. Na saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndizo saa ambazo jua huunguza zaidi. Linatupiga kutoka juu, na linaturudia kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Doa lililopigwa jua kila siku halifutiki, hata ulipake nini.

Ndani ya vikopo mna nini?

Vitu vitatu tuvijue kwa majina. Cha kwanza ni zebaki. Hii huzuia ngozi kutengeneza rangi, ndiyo maana mtu hung'aa haraka. Lakini hupenya mwilini ikaenda kukaa katika figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Jambo hili si geni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo waliokuwa wakivimba mwili, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanatumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na vikopo bado vinauzwa.

Cha pili ni haidrokwinoni. Daktari anaweza kuitoa kwa kipimo na kwa muda, lakini ikipakwa kiholela miezi na miaka huigeuza ngozi ikawa na weusi wa kibuluu wenye vipele vigumu, na weusi huo ni mgumu mno kuondoka. Afrika Kusini walikwisha kuipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990, baada ya kuona nyuso za wanawake wengi zimeharibika. Cha tatu ni dawa kali za ngozi za jamii ya steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizo ni dawa za hospitali. Ukizifanya mafuta ya kila siku hukonda ngozi, mishipa ikaonekana, chunusi zikajaa, na kidonda kikawa kizito kupona.

Serikali yetu imekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, na tangu mwaka 2019 iko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Nchi yetu pia iliridhia Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambao watu wake waliugua na kufa kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Kwa hiyo ukiona kopo halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, liache. Ukiona limeandikwa mercury, au calomel, au herufi Hg, liache. Ukiambiwa usiliache karibu na pete ya dhahabu, hiyo ni dalili ya zebaki. Liache na ukimbie.

Nyumbani tufanye nini?

Tunajua mlikuwa mnalingoja hili. Tumeuliza kwa wauguzi na wataalamu wa ngozi, na tumejaribu wenyewe. Njia ipo, ila haina haraka.

La kwanza, ondoa kinachosababisha. Wakati wa kubangua, jipake mikononi mafuta ya kula au majivu, au vaa glavu kama unazo. Ukichoma korosho kaa upande unakotoka upepo. Mafuta ya ganda yakikugusa, yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Usitumbue lengelenge. Chunusi usiiminye. Watoto walale ndani ya chandarua, na upele utibiwe kwa nyumba nzima, siyo mtu mmoja.

La pili, kivuli. Hii ndiyo dawa kubwa kuliko zote, na haina bei. Kofia pana ya ukindu, mtandio unaoteremshwa hadi kwenye paji, kanga ya mikono mirefu, mwamvuli njiani. Mwenye uwezo anunue mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 30 au zaidi, apake asubuhi na arudie akitoka jasho. Ndugu zetu wenye ualbino wao ni lazima, si hiari, maana jua huwaletea saratani. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu kwa ajili yao. Mwenye mtoto wa namna hiyo aulize hospitali.

La tatu, usiikasirishe ngozi. Nawa kwa sabuni laini, mara mbili kwa siku, kwa mkono tu. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato makali ngozi ingali na unyevu. Na hapa tuseme wazi: limau usipake usoni! Wengi tulifundishana hivyo. Maji ya limau yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha doa jipya, jeusi zaidi. Dawa ya meno, magadi, na maji ya kufulia nguo nyeupe navyo ni hivyo hivyo, vinaunguza.

Liwa na manjano je? Hivyo ni vya bibi zetu na hatuvitupi. Liwa inapoza na inanukia. Manjano yanapendeza singo. Lakini doa la mwaka mzima hatujaona vikiliondoa peke yake. Ukitaka kutumia, jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono siku mbili tatu. Ikiwasha, acha.

La nne, kwa mwenye akiba kidogo, zipo dawa za duka la dawa zilizo salama kuliko mkorogo. Ulizia krimu yenye niasinamidi ya asilimia 4 au 5, au yenye asidi ya azelaiki ya asilimia 10 hadi 20. Anza usiku mmoja baada ya mwingine, kidogo, penye doa. Mjamzito na anayenyonyesha aulize kwanza, na aepuke dawa za jamii ya vitamini A.

La tano, subira. Doa la juu juu huchukua miezi mitatu hadi sita, mengine mwaka na zaidi. Dada zetu, anayekuahidi wiki mbili anakuuzia kitu kingine. Hata sisi katika kikundi hatujengi nyumba kwa hisa za wiki mbili.

Na aliyekwisha kuzoea mkorogo? Asione haya. Aende zahanati na kopo lake mkononi. Akiacha ghafla dawa kali uso unaweza kuvimba na kuwasha kwa muda, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Anayevimba macho au miguu, au mkojo wake una povu, asingoje hata siku moja.

Madoa yasiyo ya kutibu nyumbani

Baka lililopauka au jekundu kidogo ambalo ukiligusa halihisi, hilo linaweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure, lakini ukicheleweshwa huacha ulemavu. Doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha linalokua au kutoa damu, nalo lionekane na daktari. Kidonda kisichopona kadhalika. Na mabaka yaliyoanza baada ya vidonge vya uzazi wa mpango, usiache vidonge kimya kimya ukarudi na mimba; mwambie muuguzi akubadilishie njia.

Wanakikundi wenzetu,

Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa nembo usoni, zikapakwa mkaa ili ziwe nyeusi zaidi, na huo ndio ulikuwa urembo. Hatusemi turudi huko. Tunasema kwamba doa ni kitu kimoja, na rangi uliyozaliwa nayo ni kitu kingine. Doa tulitibu. Rangi haina ugonjwa.

Mwisho, tunaleta mbele yenu maazimio mawili tuliyokubaliana katika kikao, ili yaandikwe katika kitabu hiki. Moja, mkopo wa biashara ya vipodozi utaendelea kutolewa, lakini mkopaji ataleta bidhaa mezani, maandishi yake yasomwe kwa sauti na alama ya TBS ionekane, ndipo sanduku lifunguliwe. Mbili, mwenzetu yeyote atakayetaka kuacha mkorogo, mfuko wa jamii utampa nauli ya kwenda Ligula na kurudi, na hakuna atakayemcheka.

Mkopo ule wa mwaka wa tatu ulirejeshwa wote. Mwenzetu aliyeguswa figo amekaa mstari wa pili pale, amevaa kanga yetu ya sherehe, na bado anakwenda kliniki kila mwezi. Tunamshukuru Mungu kwamba yupo. Tusimpe mwingine mkopo wa namna ile.

 Idumu akiba yetu, na ziwe salama ngozi zetu.