Sayyid Barghash bin Said na Mipaka ya Sheria Zake, 1870–1888

Sayyid Barghash bin Said alishika utawala wa Unguja na mwambao wa Afrika Mashariki mwezi Oktoba 1870, mara tu baada ya kufariki Sayyid Majid, ndugu yake kwa baba. Alitawala hadi alipofariki Machi 1888. Katika miaka hiyo isiyotimia kumi na minane alitia muhuri mkataba mmoja na ilani kadhaa zilizoibana biashara ya watumwa, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilisha mashamba ya karafuu na mifuko ya matajiri wa pwani. Sifa ya mtawala mtunga sheria alibaki nayo. Hata hivyo karibu kila sheria yake kubwa iliandikwa chini ya shinikizo la manowari za wageni, na kila moja ilifika pale tu palipokuwa na mtu wa kuisimamia. Jambo hilo linaonekana wazi zaidi Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, kuliko Unguja mjini, na huko Mrima linaonekana wazi zaidi Dar es Salaam, mji ambao Barghash aliurithi bila kuutaka.

Njia yake ya kufika kwenye kiti haikuwa nyepesi. Baba yake, Said bin Sultan, alifia baharini mwaka 1856 akirejea Unguja kutoka Omani, na Barghash alikuwamo katika safari hiyo. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid, akajikusanya na wafuasi wake katika shamba lililoitwa Marseilles, huku dada yake Salme akimsaidia kwa kumwandikia barua. Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay, alikokaa karibu miaka miwili. Huko aliuona mji wa dola kubwa, wenye maji ya mabomba, gati na mashine za kuchapia, na mengi ya mambo hayo aliyaleta Unguja alipopata uwezo. Alijifunza pia kwamba kiti cha Unguja hakitoki kwa ukoo peke yake. Ndiyo maana huruma kwake kuhusu mkataba aliolazimishwa kuutia saini mwaka 1873 inahitaji kiasi: aliyajua masharti ya kazi kabla ya kuishika.

Sheria aliyoikuta nchini ilikuwa tayari imeandikwa, tena vitabuni, nayo ni sheria ya Kiislamu. Mahakimu wake walikuwa makadhi wa madhehebu mawili, Ibadhi kwa Waarabu wengi wa Omani na ukoo wa mtawala, Shafi kwa Waswahili, Wangazija, Washihiri na wengineo. Kila mdai kwa kawaida alihukumiwa kwa madhehebu yake. Miongoni mwa makadhi wa Kishafi waliotajika zaidi ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, ambaye Barghash alimtumia pia kama mjumbe wake bara. Juu ya makadhi lilisimama baraza la Sultani. Barghash alikaa barazani yeye mwenyewe, akasikiliza mashauri ya mashamba, madeni, urithi na ugomvi, na amri yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Tofauti za kimadhehebu hakuzistahimili zilipogusa heshima ya dola: Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, mwanachuoni wa Kishafi ambaye darasa zake ziliwavuta hata baadhi ya Maibadhi, alifungwa na hakutoka mpaka Barghash alipofariki.

Mahali hapa ulinganisho na wafalme wa kale wa Uingereza unasaidia. Æthelberht, mfalme wa Kent aliyempokea mmisionari Augustine mwaka 597, ndiye wa kwanza miongoni mwa wafalme wa huko ambaye sheria zake ziliandikwa kwa lugha ya watu wake. Ni vifungu vipatavyo 90, vingi vikitaja fidia: shilingi 50 kwa mguu uliokatwa, 20 kwa kidole gumba, 6 kwa kila jino la mbele, 100 kwa uhai wa mtu huru. Msomaji wa pwani anayeijua dia hatashangazwa na hesabu hiyo. Lakini Æthelberht alikuwa akiandika mila ambayo haikuwa na kitabu. Barghash hakuwa na haja ya kazi hiyo, maana dia, talaka, urithi na wakfu vilikuwa vimekwisha kuandikwa na wanavyuoni kabla hajazaliwa. Kilichobaki kwa mtawala ni amri za utawala: kodi, forodha, ulinzi na mikataba na wageni. Humo ndimo zilimo sheria zinazoitwa za Barghash.

Na humo pia mikono yake ilikuwa imefungwa kabla hajakaa kitini. Mkataba wa Marekani wa 1833, wa Uingereza wa 1839 na wa Ufaransa wa 1844 iliwapa mabalozi wa nchi hizo haki ya kuwahukumu watu wao wenyewe ndani ya Unguja. Wahindi waliohesabiwa kuwa chini ya hifadhi ya Uingereza waliingia humo, na hao ndio walioshika mikopo, biashara ya jumla na hata ukusanyaji wa forodha ya Sultani. Mwarabu mwenye shamba aliyekopa kwa Mhindi alikuwa raia wa Sultani, na aliyemdai alikuwa na mlango mwingine wa kwenda kushtaki. Sheria ya nchi haikuwafikia watu ambao uchumi wa nchi ulikuwa mikononi mwao.

Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Meli za Sultani ziliharibika, na mikarafuu mingi ya Unguja ikang'oka, ilhali Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Januari 1873 akafika Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, akitaka biashara ya watumwa ya baharini ikomeshwe. Mikataba ya 1822 na 1845 ilikuwa imezuia watumwa kupelekwa nchi za Wakristo na kisha Arabuni, lakini iliacha wazi njia kati ya Kilwa, Unguja na Lamu. Barghash alikataa. Hoja yake ilikuwa na uzito: nchi imetoka kupigwa na kimbunga, na wenye mashamba, ambao ndio nguzo ya utawala wake, wangemgeuka. Frere aliondoka mikono mitupu. Balozi wa Uingereza, John Kirk, ndiye aliyemaliza kazi, kwa kumweleza Sultani kwamba asipotia saini kisiwa kitazingirwa na manowari. Mkataba ulitiwa saini 5 Juni 1873.

Mkataba huo ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, iwe kwenda nchi za nje au kutoka bandari moja ya Sultani hadi nyingine. Ulifunga masoko yote ya watumwa na kuagiza walioachwa huru walindwe. Utumwa wenyewe haukuguswa: aliyekuwa na mtumwa Juni 4 aliendelea kuwa naye Juni 6. Soko la Mkunazini lilifungwa mara moja, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana likawekwa mahali pale. Picha hiyo imekaa sana katika vitabu vya shule, na imewafanya wengi waamini kwamba jambo liliishia hapo.

Kilichofuata ni kwamba biashara ilishuka kutoka majahazini ikaanza kutembea kwa miguu. Misafara iliyotoka eneo la Nyasa hadi Kilwa, badala ya kupakia, iligeukia kaskazini ikafuata Mrima kuelekea Pangani na kwingineko, na kutoka huko watumwa wakavushwa usiku kwenda Pemba. Pemba ndiyo iliyowataka zaidi, kwa sababu bei ya karafuu ilipanda baada ya mikarafuu ya Unguja kuanguka, na kila mwenye ardhi kisiwani humo alitaka kupanda. Hivyo sheria ilikuja wakati uleule ambapo haja ya watumwa ilizidi. Msaidizi wa Kirk, Frederic Elton, alitumwa mwishoni mwa 1873 kwenda kwa nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, kuwaacha huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi wa hifadhi ya Kiingereza. Njiani alikutana na misafara mfululizo, na watumwa aliowahesabu walikuwa maelfu. Njia hiyo ilipita katika nchi ya Wazaramo, nyuma ya mji wa Dar es Salaam, ambamo maliwali wa Sultani walikaa wakitazama bahari.

Aprili 1876 Barghash akatoa ilani mbili kuuziba mwanya huo. Moja ilikataza misafara ya watumwa kutoka bara kuikaribia pwani, na nyingine ilikataza kuwasafirisha kwa nchi kavu huko pwani kwa sharti lolote. Mwaka mmoja kabla alikuwa amezuru Uingereza na kupokewa na Malkia Victoria, na ilani zile zinasomeka kama malipo ya urafiki huo. Mara hii hasira ilikuwa wazi. Kilwa, mji uliokuwa ukila kwa misafara hiyo, liwali alishindwa kuituliza peke yake mpaka Kirk alipofika na manowari. Na katika mji wa Mombasa, Januari 1875, akida wa ngome aliyemwasi Sultani alikuwa amekwisha kutolewa kwa mizinga ya Waingereza. Mtawala ambaye amri zake zinatekelezwa kwa bunduki za mwenzake hupoteza kitu kila anapotiiwa.

Barghash alilielewa hilo, na jeshi lilikuwa jibu lake. Kuanzia 1877 afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews, alimfundishia askari wa kudumu, wengi wao Waafrika, ambao kwa miaka michache walizidi elfu moja. Walisaidia kukamata majahazi na kuimarisha vituo, lakini pwani ndefu kutoka Warsheikh hadi Tungi haikuweza kulindwa na idadi hiyo. Utawala wa Mrima uliendelea kubebwa na liwali mwenye askari wachache, akida chini yake, na majumbe wa miji, ambao utii wao ulitegemea zawadi, heshima na sehemu yao katika biashara. Hatua chache kutoka ufukweni, neno la pazi, mkuu wa Wazaramo, lilisikika kuliko la Sultani.

Dar es Salaam ni mfano mzuri. Majid aliianzisha katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, akajenga kasri na majengo ya mawe, mojawapo likiwa Boma la Kale linaloitazama bandari hadi leo. Alikusudia iwe bandari ya misafara ya bara mahali pa Bagamoyo. Barghash hakuwa na shauku na ndoto ya ndugu yake. Ujenzi ulisimama, nyumba nyingine zikaanza kubomoka, misafara ikabaki Bagamoyo. Eneo ambalo leo ni Kariakoo lilikuwa mashamba na vichaka nje ya mji. Jaribio la pekee la kuuamsha lilikuwa barabara iliyoanzwa mwaka 1877 na tajiri wa meli wa Kiskoti, William Mackinnon, na washirika wake, ikielekea Ziwa Nyasa. Iliachwa mwaka 1881, ikiwa bado mbali sana na ziwa. Mji usio na biashara haukuwa na liwali mwenye nguvu, na pasipo liwali mwenye nguvu ilani za 1876 zilibaki karatasi.

Kazi moja ya Barghash inayohusu sheria hutajwa kwa nadra, ingawa haikulazimishwa na mtu. Katika miaka ya 1880 alianzisha mtambo wa kuchapa na kutoa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, kikiwamo Qamus al-Sharia, kazi kubwa ya juzuu nyingi, vikasomwa hadi Omani na Afrika ya Kaskazini. Mtawala aliyetia saini sheria za wageni kwa shingo upande alitumia fedha zake kueneza sheria aliyoiamini. Mwaka 1882 alitoa pia sarafu zake za fedha na shaba. Mfereji wa maji kutoka Chemchem hadi mjini na Beit al-Ajaib ya 1883 ni vya wakati huohuo, na ndivyo watu wa Unguja wanavyomkumbuka navyo zaidi.

Mwisho wa utawala wake ulikuwa wa haraka. Novemba na Desemba 1884 Mjerumani Carl Peters alikusanya mikataba Usagara, Ukami, Uzigua na Nguru. Barghash alipinga, na Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yalimwachia visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Mwaka 1887 Wajerumani waliweka kituo Dar es Salaam. Mwezi mmoja baada ya kifo cha Barghash, mrithi wake Sayyid Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni yao, na Abushiri bin Salim na wenzake wakaipinga kwa silaha.

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891 hawakuanza upya: waliwatumia maliwali, maakida na majumbe kama walivyowakuta, wakaueneza mfumo huo hadi bara ambako Sultani hakuwahi kuufikisha. Suala la watumwa lilifuata njia mbili. Unguja, amri ya Sayyid Ali ya Agosti 1890 ilikataza ununuzi wa watumwa, ya Sayyid Hamoud ya Aprili 1897 iliondoa utambuzi wa kisheria wa utumwa, na ya 1909 ikawahusisha masuria waliokuwa wameachwa nje. Bara, Wajerumani waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1922, chini ya Waingereza, miaka 49 baada ya mkataba wa Juni 1873.