Kifundo cha Mguu na Mkono wa Kuume



Tusome Matendo 3:1-10. Kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri palikuwa mtu kiwete tangu kuzaliwa. Umri wake ulipita miaka 40. Luka, aliyekuwa munganga, anataja hata vifundo vya miguu yake kupata nguvu. Lakini tuangalie: mbele hajasimama, kila siku watu walimbeba. Tena Petro akamshika mkono wa kuume, akamwinua.

Hapa Kambove tunao ndugu walioanguka katika machimbo ao na pikipiki, kifundo kikavunjika. Mfupa unaomba majuma sita ao zaidi kuungana. Tusimwambie mgonjwa avue plasta ili aonyeshe imani. Magongo si kukosa imani. Mungu anaponya kwa neno lake, na anaponya pia kwa mikono ya munganga.

Basi tumpelekee nini? Maombi, ndiyo, na ndoo ya maji, na bukari, na mtu wa kusindikiza watoto shuleni. Yeye hawezi kutembea mpaka kanisani. Kanisa litembee mpaka kwake. Mkono wa kuume ni wetu.