Umekula, mama?

Msikilizaji, tiba ya saratani ya damu kwa mtoto mara nyingi huchukua miaka 2 hadi 3. Kwenye wodi ya watoto pale Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, familia nyingi zimetoka mikoani; mama yuko mbali na ndugu zake. Hapo muuguzi ndiye ndugu. Muuguzi mwema huupasha joto mkono wa mtoto ili mshipa uonekane, asichomwe sindano mara mbili. Humwita kwa jina lake, si kwa namba ya kitanda. Na mfanya usafi, akipita na ndoo yake, humwuliza mama, "Umekula?" Swali hilo nalihesabu kuwa tiba. Wauguzi waongezwe, jamani, wapate walau dakika 5 za kukaa na mtoto anayelia usiku.