Mizani, Daftari na Ushairi
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, huzuka katika nyumba za wanachama ubishi ule ule. Kijana amerudi na cheti, na alama yake nzuri kuliko zote ni ya Kiingereza na fasihi. Baba anamtaka aende chamani akawe karani wa mizani msimu wa ununuzi. Mama angependelea apewe mtaji mdogo afungue duka. Kijana mwenyewe anaona haya: jana alikuwa akisoma mashairi ya Waingereza, leo anaambiwa akapime magunia. Majirani nao hawakosi la kusema: "Elimu yote ile imeishia penye mizani!" Mwisho wake kijana hukimbilia mjini, chama kikabaki na karani asiyeweza kujumlisha safu mbili za tarakimu, na wanachama wakapunjwa hata pasipo mtu aliyekusudia kuwapunja.

Ubishi huo umejengwa juu ya dhana potofu, kwamba washairi wale walikuwa watu wa kukaa kivulini wakingoja maneno yashuke kutoka mbinguni. Hawakuwa hivyo. Aghalabu walikuwa makarani, mafundi na wenye hisa, na yafaa baba na kijana wote wawili wazijue habari hizo kabla hawajaamua lolote.

Aanzwe Geoffrey Chaucer, ambaye Waingereza humwita baba wa ushairi wao. Mwaka 1374 mfalme alimteua kuwa mdhibiti wa ushuru wa sufu na ngozi katika bandari ya London. Sufu wakati huo ilikuwa kwa Uingereza kama kahawa na pamba zilivyokuja kuwa kwa Afrika Mashariki: zao lililobeba hazina ya nchi. Sufu yote iliyotaka kuvuka bahari ilipimwa, ikaandikwa, ikalipiwa. Wakusanyaji wa ushuru walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa mji, na baadhi yao walikuwa wakimkopesha mfalme mwenyewe fedha. Kazi ya Chaucer ilikuwa kuandika daftari la pili, sambamba na lao, ili hesabu zikifika kwa wakaguzi madaftari mawili yalinganishwe. Hati ya uteuzi ilimwamuru aandike kwa mkono wake mwenyewe. Muhuri wa forodha nao uligawanywa vipande viwili, kimoja kwa wakusanyaji, cha pili kwa mdhibiti, hata mzigo usiweze kupita kwa neno la upande mmoja. Mshahara wake ulikuwa pauni 10 kwa mwaka, pamoja na bahashishi, naye aliishika kazi hiyo kwa miaka kumi na miwili.

Makatibu hawahitaji kuelezwa zaidi. Ni kanuni ile ile inayokataza mtu mmoja kushika ufunguo wa sanduku pamoja na daftari lake. Wala haikuwa kazi nyepesi kwa karani wa pauni 10 kumdhibiti tajiri anayemkopesha mfalme. Yeyote aliyewahi kukagua hesabu za chama ambacho mwenyekiti wake ndiye mwenye lori, mwenye duka na mwenye deni la kila mtu, ataifahamu hali hiyo vizuri.

Mtu wa Tanga naye hana haja ya kwenda mpaka London kutafuta mfano. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaifanya hadi mwaka 1944, kisha akaendelea na ukarani wa serikali katika idara nyingine. Baba wa ushairi wa Kiingereza na mshairi mkuu wa Kiswahili wa karne iliyopita, wote wawili waliwahi kula mshahara wa forodhani. Atakayesema kwamba daftari la ushuru huua kipaji, na aanze kwa kuwaeleza wawili hao.

Lakini hoja si kwamba daftari halikumdhuru Chaucer. Daftari lilimfunza kutazama. Alipoacha forodha mwaka 1386, alianza baada ya muda mfupi kazi yake kubwa, hadithi za mahujaji waendao Canterbury, nyingi zikiwa za mashairi. Katika utangulizi wake anawapanga mahujaji hao mmoja mmoja, na mkaguzi yeyote wa ushirika atawatambua kwa sura. Yumo mwenye kinu, ambaye huiba nafaka za watu na kutoza ujira wa kusaga mara tatu. Yumo mfanyabiashara aliyevaa vizuri, azungumzaye faida yake wakati wote, na hakuna ajuaye kwamba ana madeni. Yumo mnunuzi wa vyakula wa chuo cha wanasheria: hakusoma, lakini ana mabwana zaidi ya thelathini waliobobea katika sheria, naye huwazidi wote kwa ujanja wa kununua.

Aliye hodari kuliko wote ni msimamizi wa shamba la bwana mmoja. Huyu hujua kwa kutazama mvua na ukame mavuno yatakuwa kiasi gani. Hesabu za mifugo, maziwa na ghala zimekuwa mikononi mwake tangu bwana akiwa kijana wa miaka ishirini. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumnasa na upungufu. Wafanyakazi wa chini wanamwogopa kama tauni, kwa kuwa anazijua hila zao zote. Naye amejiwekea akiba ya siri hata anaweza kumkopesha bwana mali ya bwana mwenyewe, akapewa shukrani na kanzu juu yake! Njiani hupanda farasi nyuma ya wote. Chaucer haelezi kwa nini. Mkaguzi hana shaka: huyo ni mtu anayetaka kuwaona wengine pasipo kuonwa.

Hapo ndipo kijana mwenye cheti chake aonyeshwe namna ya kuonja ushairi wa kale wa Kiingereza, maana shuleni mara nyingi alikaririshwa majina ya mizani na vina akasahau kutazama watu. Chaucer hakemei. Hasemi, "Huyu ni mwizi." Huweka mbele ya msomaji jambo dogo, dole gumba la mwenye kinu, kanzu ya zawadi, deni lisilojulikana, kisha humwachia apime mwenyewe. Taarifa ya ukaguzi itasema kwamba ghala lina upungufu wa kilo kadhaa. Ushairi wake utamwonyesha mtu aliye nyuma ya upungufu huo. Karani anayeyasoma hayo jioni, asubuhi atasimama penye mizani akiwa na macho mawili zaidi.

Sasa ifuatwe njia ya pili, ile ya biashara ndogo, nayo ina mafunzo machungu kidogo.

John Milton, aliyekuwa katibu wa serikali wa lugha za kigeni tangu mwaka 1649 na akapofuka akiwa kazini, alimaliza utenzi wake mkuu juu ya kuanguka kwa Adamu na Hawa. Tarehe 27 Aprili 1667 aliuuza kwa mchapaji kwa pauni 5 taslimu. Mkataba ulimwahidi pauni 5 nyingine baada ya kuuzwa nakala 1,300, na kadhalika kwa matoleo mawili yaliyofuata. Alipata pauni 10 maishani mwake. Mwaka 1680 mjane wake aliuza haki zote zilizosalia kwa pauni 8. Jumla ni pauni 18 kwa kitabu ambacho wachapaji wanakichapa hadi leo. Mkulima aliyewahi kuuza zao likiwa bado shambani, kwa sababu ada ya shule ilikuwa mlangoni, hatamcheka Milton.

William Blake alijaribu njia nyingine. Alikuwa fundi wa kuchora juu ya sahani za shaba. Alikabidhiwa kwa fundi mkuu mwaka 1772 akiwa na umri wa miaka kumi na minne, akatumikia miaka saba. Mwaka 1784 alifungua duka la picha mjini London kwa ubia na fundi mwenzake, na ubia huo haukudumu. Ndipo alipobuni namna yake ya kuchapa: shairi na picha yake vilichorwa pamoja juu ya sahani moja ya shaba, vikachapwa, kisha vikapakwa rangi kwa mkono. Mkewe, Catherine, aliyetia alama ya msalaba badala ya sahihi siku ya ndoa yao mwaka 1782, alifunzwa kusoma na mumewe, akawa mwenzi kamili wa karakana. Kitabu cha nyimbo zake za mwaka 1789 alikitangaza mwaka 1793 kwa bei ya shilingi 5.

Ufundi huo ulikuwa wa ajabu, na hata hivyo biashara haikukua. Sababu yake iko wazi kwa mwenye duka yeyote. Nakala moja ilikula siku nyingi za watu wawili, wanunuzi walikuwa rafiki wachache, na bei haikuwa na uhusiano na saa za kazi. Alikufa mwaka 1827 pasipo utajiri. Kijana anayetaka kufungua karakana ya kushona au ya useremala na aipende kazi yake kama Blake alivyoipenda, lakini ahesabu saa zake kabla ya kutangaza bei.

Bidhaa nyingine huhitaji subira tu. Mwaka 1859 Edward FitzGerald alichapisha nakala 250 za beti za Omar Khayyam alizozifasiri kutoka Kiajemi. Bei ilikuwa shilingi moja, wala hakutokea mnunuzi. Mwuza vitabu akazitupa katika sanduku la vitu vya peni moja. Mwaka 1861 wapita njia walizikuta humo, wakapashana habari, na kitabu kikaenea duniani hata kikafika kwa karani yule wa Tanga, Shaaban Robert, naye akazitia beti hizo katika Kiswahili.

Aliyefanikiwa zaidi kuliko hao wote ni William Shakespeare, naye hakufanikiwa peke yake. Alikuwa mwanachama mwenye hisa. Tangu mwaka 1594 alikuwa katika kundi la waigizaji waliomiliki kwa pamoja mavazi, vitabu vya michezo na mapato ya mlangoni. Walipokosa mahali pa kuchezea, mwishoni mwa mwaka 1598 mbao za ukumbi wao wa zamani zilibomolewa, zikavushwa mto Thames, na mwaka 1599 ukasimama ukumbi wa Globe. Nusu ya hisa za ukumbi huo walikuwa nayo ndugu wawili wa ukoo wa Burbage. Nusu ya pili waligawana waigizaji watano, Shakespeare akiwa mmoja wao, fungu moja kwa kumi kila mtu. Mwaka 1613 mzinga uliopigwa wakati wa mchezo uliwasha paa la nyasi na ukumbi ukateketea. Mwaka uliofuata waliujenga upya, safari hii kwa paa la vigae.

Jambo kubwa lilitokea baada ya kifo chake mwaka 1616. Wenzake wawili wa hisa, Heminges na Condell, walikusanya michezo yake thelathini na sita, wakaichapisha mwaka 1623 katika kitabu kimoja. Karibu nusu ya michezo hiyo ilikuwa haijapata kuchapwa kamwe. Bila wanahisa wale wawili, huenda nusu ya Shakespeare ingalipotea. Hayo yasomwe na wanachama wanaouliza kila mkutano mkuu faida ya ushirika ni nini endapo malipo ya pili yamechelewa.

Na vyama vyenyewe vina urithi wao katika jambo hili. Waanzilishi wa Rochdale, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 wakiwa wanachama ishirini na wanane, baadaye walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Waliuza unga na siagi chini, wakasoma juu. Chama kisichoweza kujenga maktaba kinaweza kuweka kabati lenye kufuli katika ofisi ya katibu, na karani yule kijana akapewa daftari la kuazima vitabu. Hiyo nayo ni kazi, na ni kazi atakayoifanya bila kuona haya.

Kwa kuanzia, si lazima kila mwanachama ajue Kiingereza. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa bado Rais, alifasiri michezo miwili ya Shakespeare, na "Mabepari wa Venisi" ilitoka mwaka 1969. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mfasiri aliona ni mabepari, tena wengi, na bila shaka zama zake zilikuwa na neno la kumshauri. Msomaji wa leo ana haki ya kuchukizwa na jinsi Myahudi anavyotukanwa ndani yake, wala jambo hilo lisifunikwe likifika mezani.

Usomwe kwa sauti jioni moja baada ya kikao cha halmashauri, sehemu mbili tu: pale Antonio, akitegemea shehena zilizo baharini, anapotia sahihi mkataba wa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu, dhamana ikiwa ratili moja ya nyama ya mwili wake, na pale mahakamani mkataba huo unaposomwa upya na kuonekana kwamba unataja nyama lakini hautaji damu. Kisha katibu alete mezani mkataba wa mwisho ambao chama chake kimetia sahihi na mwenye lori au mwenye ghala, na wajumbe wausome neno kwa neno, polepole, kama walivyosoma ule wa Venisi.